Nafasi ya Magoti

Mchoro ulikuwa wa meza ya watu sita,
umechorwa na mtu asiyetujua,
kwa inchi, kwa msonobari,
kwa watu wanaosimama na kukaa wapendapo.
Niliubandika kwenye mlango wa friji,
nikautazama wiki nzima nikipika,
nao wiki nzima ukanitazama kwa dharau.

Hapa Punta Arenas upepo haubishi hodi.
Juni ikifika, mchana ni kipande tu,
saa kumi jioni tayari umekunjwa kama leso.
Gereji haina joto. Mbao za lenga,
nzito, nyekundu kwa mbali,
nililazimika kuzilaza jikoni siku kumi
zizoee pumzi za watu kabla ya kuonja msumeno.
Mimi nilikuwa naziruka nikienda kuoga.
Yerko hakuweza. Alisimamisha magurudumu ng'ambo,
akapiga honi kwa mdomo.

Tangu farasi amtupe kule Río Verde
kaka yangu anakula sinia likiwa mapajani.
Miaka mitatu. Sinia la plastiki
lenye picha ya tufaha lililokwishachubuka.
Kila meza aliyoiendea ilimgonga magoti:
ule ubao wa ukingo, inchi nne,
ambao wachoraji huupachika bila kuwaza,
kama bawabu asiyejua anamzuia nani.

Nikachukua futi kamba. Ukuta sikuupima.
Nilimpima Yerko, kama fundi cherehani:
sakafu hadi goti, goti hadi tumbo,
upana wa magurudumu,
urefu wa mkono ukiifuata chumvi.
"Nitilie na mifuko," akasema.
Nikaandika hesabu nyuma ya bili ya gesi.

Kisha nikaanza kuukosea mchoro adabu.
Ukingo wa mbele, nikaufuta.
Nikaurudisha ndani, chini ya katikati,
uwe uti wa mgongo badala ya kizingiti.
Miguu nikaiongeza sentimita nne,
nikaisukuma pembeni hadi ikaishiwa na pembe.
Inchi nikazigeuza moja moja kwa penseli,
na mahali fulani, usiku, kati ya saba na nane,
nikageuza vibaya.

Mguu mmoja ukatoka mfupi kwa upana wa kidole.

Nililia? Kidogo. Maranda yalikuwa nyweleni,
gundi ilikuwa imeanza kukauka kwenye kopo,
na Otilia, wa nyumba ya bati ya kijani,
alikuwa mlangoni akidai jiliwa lake.
Aliuinua ule mguu, akaupima kwa jicho.
"Hongera," akasema. "Una mpini wa shoka."
Akaondoka bila jiliwa.

Mguu wa nne kwa hiyo ni wa mti mwingine,
mweupe, kama jino la bandia.
Ndimi zake zilikataa kuingia kwenye matundu,
nikazisihi kwa patasi, nikazitukana,
zikaingia.

Jumapili nilipika mchuzi wa kondoo.
Yerko akaja taratibu, akipunguza mwendo
pale pale anapopunguza siku zote,
nami nikakaza taya nikingoja ule mgongano.
Haukuja.
Akazidi kuingia. Akaingia hadi tumbo likagusa.
Akaweka mikono yote miwili juu ya mbao,
akaiangalia kama mikono ya mgeni.
Mchuzi ukapoa. Sikumhimiza.

Kisha mkono mmoja ukashuka, ukapapasa chini.
"Huku hukupiga msasa," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimelainisha
yale tu yanayoonekana na mtu aliyesimama.

Kesho yake akadai msasa, wa laini na wa mkwaruzo,
na nilipokuwa kazini akaifanya ile kazi mwenyewe,
kichwa kimeinama, mikono gizani.
Nilimkuta suruali imejaa unga mwekundu
na sinia la tufaha limejaa skrubu zilizobaki.

Mchoro bado uko kwenye friji.
Bado unasema: watu sita.
Sisi tuko wawili,
na Otilia kila Jumapili,
aliyekuja, anasema, kwa ajili ya jiliwa lake.